Kanuni Ilikuwa Kimya: Maisha ya Madge Syers kwenye Barafu

Februari 1902, Muungano wa Kimataifa wa Kuteleza kwenye Barafu, unaojulikana kwa kifupi chake ISU, ulileta mashindano ya ubingwa wa dunia jijini London. Kanuni za mashindano zilieleza mambo mengi: michoro ambayo kila mshindani alipaswa kuichora kwa chuma cha kiatu chake, jinsi alama zitakavyogawanywa, na kazi ya waamuzi. Jambo moja halikuandikwa popote. Hapakuwa na kifungu kilichosema kwamba mshindani lazima awe mwanamume. Waliozitunga hawakuona haja ya kukiweka, kwa sababu mwanamke kugombea taji la dunia dhidi ya wanaume lilikuwa jambo ambalo halijawahi kuwapitia akilini. Madge Syers, mwenye umri wa miaka 20, akapeleka jina lake, na hapakuwa na neno la kumkatalia.

Walishindana watu wanne. Ulrich Salchow wa Sweden alishika nafasi ya kwanza, na wa pili akawa Madge. Nyuma yake walibaki wanaume wawili: Martin Gordan wa Ujerumani na Horatio Torromé, ambaye miaka sita baadaye angeiwakilisha Argentina kwenye Olimpiki. Tangu mashindano hayo yalipoanza mwaka 1896 hadi leo, katika orodha yote ya washindi wa medali upande wa wanaume, hilo ndilo jina pekee la mwanamke.

Wanaomkumbuka Madge Syers husema alifungua mlango wa mashindano ya wanawake. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Mlango wa wanawake ulijengwa baada ya ule uliokuwa wa wote kufungwa, na ulifungwa kwa sababu mwanamke aliupita akawaacha wanaume nyuma. Nusu hii ya pili ndiyo inayonisukuma kuandika, kwa kuwa historia ya michezo huwa na haraka ya kushangilia ushindi na kusahau uliambatana na nini.

Ili kumwelewa lazima turudi nyuma sana. Kuteleza barafuni hakukuanza kama mchezo. Uholanzi ni nchi ya mifereji, na zamani, baridi ilipokaza, maji ya mifereji yaliganda hadi yakaweza kubeba watu na mizigo yao. Mahali ambapo watu walipita kwa mashua wakati wa joto, walipita kwa vyuma vilivyofungwa miguuni wakati wa baridi. Ilikuwa njia ya usafiri, na njia ya usafiri haimbagui mtu. Ndiyo maana mmoja wa watelezaji wa kale kabisa tunaowajua kwa jina ni msichana. Lidwina wa Schiedam alianguka kwenye barafu mwishoni mwa karne ya 14 akiwa na miaka 15 hivi, akavunjika ubavu, akaishi na maradhi hadi kifo chake. Mchoro uliochongwa kwenye mbao na kuchapwa mwaka 1498 unaonyesha ajali hiyo, na ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za watu wakiteleza. Kanisa Katoliki linamheshimu kama mtakatifu, na watelezaji humhesabu kuwa msimamizi wao.

Uskoti, katika karne ya 18, ndiko burudani hii ilikopata chama na masharti. Klabu ya Edinburgh ilimtaka mwombaji achore duara kamili kwa kila mguu, kisha aruke kofia moja iliyowekwa juu ya barafu, halafu mbili, halafu tatu. Mchoro wa rangi wa miaka ya 1790, unaohesabiwa kuwa kazi ya Henry Raeburn, unamwonyesha Mchungaji Robert Walker akiteleza kwenye ziwa la Duddingston, mavazi meusi, mikono imekunjwa kifuani, mguu mmoja nyuma, uso hauna wasiwasi wowote. Huyo ndiye mtelezaji wa klabu alivyotakiwa awe: mwanamume, muungwana, mtulivu. Mwaka 1772 Robert Jones alichapisha jijini London kitabu cha kufundisha kuteleza, na tangu hapo Waingereza wakajenga mtindo wao wenyewe. Ulikuwa mtindo wa wima. Mgongo umenyooka, mikono imeshuka ubavuni, magoti hayakunjwi. Watelezaji kadhaa walizunguka pamoja kwa mpango maalumu, na katikati waliweka chungwa ili wasipoteze kitovu cha duara. Ulihitaji ustadi mkubwa, lakini mwili ulikuwa kama umefungwa.

Aliyeufungua mwili alikuwa Mmarekani. Jackson Haines alikuwa mtu wa balei, na katikati ya miaka ya 1860 alivuka Atlantiki kwenda Ulaya na mtindo ambao nyumbani kwao haukupokewa vizuri. Aliinua mikono, alikunja goti, alifuata muziki. Chuma cha kutelezea alikifunga kwa skrubu kwenye soli ya buti badala ya kukifunga kwa mikanda, hivyo mguu na chuma vikawa kitu kimoja. Waingereza hawakuvutiwa. Vienna ilimpenda, maana lilikuwa jiji la waltz, na sasa lilipata mtu wa kuicheza juu ya barafu. Haines alifariki mwaka 1875 na kuzikwa huko Finland, lakini waliojifunza kutoka kwake walieneza kilichokuja kuitwa mtindo wa kimataifa. Madge Syers alikuwa mtoto wa mtindo huo, ingawa alizaliwa katika jiji lililokuwa limeukataa.

Kuna mtu mwingine anayestahili nafasi hapa, naye hakuwa mtelezaji. John Gamgee, daktari wa mifugo, alikuwa akitafuta njia ya kugandisha nyama ili isafirishwe kwa meli kutoka Australia na New Zealand hadi Uingereza bila kuoza. Mwaka 1876 aliutumia ujuzi huo Chelsea, London: alitandaza mabomba ya shaba, akapitisha ndani yake kimiminika kilichopozwa mno, akafunika kwa maji, maji yakaganda. Ulikuwa ukumbi wa barafu ya kutengenezwa. Gharama zilikuwa kubwa, ukungu uliopanda kutoka kwenye barafu uliwakera wateja, na ukumbi haukudumu. Lakini wazo lilidumu. Kufikia miaka ya 1890 London ilikuwa na kumbi za namna hiyo, na mwaka 1896 ukafunguliwa ule wa Prince's Skating Club huko Knightsbridge, klabu ya wenye nafasi zao.

Kumbi hizi zilibadilisha mambo kwa wanawake kuliko inavyosemwa kwa kawaida. Majira ya baridi ya Uingereza hayaaminiki. Ziwa huganda siku chache, kisha mvua ikanyesha na yote yakayeyuka. Aliyetaka kuwa hodari kweli ilimbidi asafiri hadi Uswisi au Skandinavia, na mwanamke kijana wa enzi ya Malkia Victoria hakusafiri apendavyo. Ukumbi ulimpa barafu karibu na nyumbani, kwa miezi mfululizo, mahali palipoonekana pa heshima. Nathubutu kusema kwamba bila mabomba ya Gamgee tusingekuwa na Madge Syers.

Alizaliwa London tarehe 16 Septemba 1881, akaitwa Florence Madeline Cave. Baba yake, Edward Jarvis Cave, alikuwa mjenzi, na nyumba ilikuwa na watoto 15. Madge aliogelea na kupanda farasi vizuri, lakini kilichomteka ni barafu ya Prince's. Mwaka 1899 alikutana na Edgar Syers, mtelezaji na mwalimu aliyemzidi miaka 18. Edgar alikuwa mmoja wa Waingereza wachache walioukubali mtindo wa kimataifa. Mwaka huohuo alipata medali ya shaba katika ubingwa wa dunia huko Davos, Uswisi. Alimshawishi Madge aachane na ukakamavu wa Kiingereza. Walioana mwaka 1900, na mwaka huohuo wakaenda Berlin kushindana kama jozi katika mojawapo ya mashindano ya mwanzo kabisa ya kimataifa ya watu wawili, wakashika nafasi ya pili.

Sasa tuseme kidogo kuhusu kazi yenyewe, maana hapo ndipo penye kiini cha habari. Chuma cha kiatu cha barafu kina kingo mbili, ya ndani na ya nje, na kati yake pana mfereji mwembamba. Mtelezaji anayeegemea ukingo mmoja haendi moja kwa moja; anapinda, na akiendelea kuegemea vilevile atafunga duara. Kutokana na jambo hilo moja hutoka mchezo mzima. Duara mbili zinazogusana hufanya nane. Geuka katikati ya duara kutoka mbele kwenda nyuma na utaacha alama inayofanana na tatu. Badilisha ukingo, badilisha mguu, badilisha upande, na michoro inakuwa mingi. Mashindano ya enzi hiyo yalikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa michoro ya lazima, ambayo kila mmoja aliifanya ileile, akiirudia juu ya mstari uleule. Ya pili ilikuwa mtelezo huru, ambamo kila mmoja alipanga mwendo wake, mizunguko na miruko yake kwa dakika alizopewa.

Michoro ya lazima ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo. Waamuzi walisogea, wakainama, wakachunguza mkwaruzo uliobaki. Je, duara ni duara kweli? Je, mara ya pili na ya tatu chuma kimepita palepale? Je, ukingo mmoja tu ndio uliogusa barafu, au mguu ulisita ukaacha mistari miwili? Hapa nguvu za misuli hazisaidii sana. Kinachohitajika ni usawaziko, subira, na mwili unaojijua. Tena matokeo hubaki chini, yakionekana na kila mtu, baada ya mtelezaji mwenyewe kuondoka. Mkwaruzo haumtaji aliyeuchora. Mwanamke aliyechagua mchezo wa kuwakabili wanaume mwaka 1902 asingepata ulio wa haki kuliko huu.

Kuhusu mashindano yale ya London, kuna simulizi inayorudiwa katika vitabu vya mchezo huu, kwamba Salchow aliona Madge alistahili kushinda na akampa medali yake ya dhahabu. Salchow alizaliwa Copenhagen mwaka 1877 na angekuja kuwa bingwa wa dunia mara 10, kati ya 1901 na 1911, akikosa mwaka 1906 tu. Mwaka 1909 aliutambulisha mruko ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Hakuwa mtu wa kugawa ushindi ovyo. Kama simulizi ni sahihi, basi aliyejua zaidi ya wote ubora wa Madge ndiye aliyeteleza mbele yake siku ile.

ISU iliposhtuka, ilishtuka haraka. Katika mkutano wake wa mwaka 1903 iliwazuia wanawake kushiriki ubingwa huo. Sababu zilizotolewa zilikuwa tatu, na kila moja inafaa itazamwe usoni. Ya kwanza ilisema gauni refu huficha miguu, na mwamuzi asiyeiona miguu hawezi kutoa alama. Ya pili ilisema mwamuzi anaweza kujikuta akimhukumu msichana ambaye moyo wake umeshampenda. Ya tatu ilisema ni vigumu kuwalinganisha wanawake na wanaume.

Sababu ya gauni ilikuwa na uzito fulani, na Madge aliijibu kwa mkasi. Sketi zake za kutelezea ziliishia katikati ya muundi, jambo lililohitaji ujasiri wakati ambapo kifundo cha mguu cha mwanamke kilipaswa kufunikwa hadharani. Sketi fupi zikawa vazi la kawaida la mchezo, na hoja ya miguu kufichwa ikafa yenyewe. Sababu ya mapenzi ni ya ajabu. Kama mwamuzi hawezi kuutawala moyo wake, wa kuondolewa ni mwamuzi. Hapa aliondolewa msichana. Tena hakuna aliyeuliza kuhusu urafiki wa waamuzi na wanaume wa klabu zao, ilhali klabu hizo zilikuwa ndogo na kila mtu alimjua mwenzake. Na sababu ya tatu ilikuja imechelewa. Wanawake na wanaume walikuwa wamelinganishwa tayari, kwa kanuni za ISU yenyewe na waamuzi wa ISU yenyewe, na jibu lilikuwa limeandikwa. Ugumu ulikuwa kulikubali.

Uingereza haikufuata mara moja. Mwaka 1903 ulifanyika kwa mara ya kwanza ubingwa wa taifa wa Uingereza wa mtindo wa kimataifa, kikiwaniwa kikombe kilichotolewa na Wasweden, na ulikuwa wazi kwa wote. Madge akashinda. Mmoja wa aliowashinda alikuwa Torromé, yuleyule wa London mwaka uliotangulia. Mwaka 1904 alikitetea kikombe, na safari hii aliyeshindwa naye alikuwa mume wake. Nampa Edgar heshima yake kwa hilo. Alikuwa mwalimu wake, alikuwa na medali ya dunia kabla yake, na aliendelea kusimama upande wake hadharani, akimtetea na kuteleza naye kama jozi. Wanaume wengi wa kizazi chake wasingeweza.

Shinikizo likafanya kazi, na ISU ikatafuta njia ya katikati. Mwaka 1905 iliamua kuanzisha mashindano ya wanawake peke yao, na ya kwanza yakafanyika Davos mwezi Januari 1906. Madge alishinda, akifuatwa na Jenny Herz wa Austria na Lily Kronberger wa Hungaria. Mwaka 1907 huko Vienna matokeo yakawa yaleyale. Wakati huo hayakuitwa ubingwa wa dunia. Yaliitwa tu ubingwa wa ISU wa wanawake, ngazi moja chini ya yale ya wanaume. Baadaye sana ndipo washindi wake walipohesabiwa kuwa mabingwa wa dunia, na Madge akapata cheo hicho kwa kurudishiwa.

Sitaki kuyadharau mashindano ya Davos. Yaliwapa nafasi wanawake wa Hungaria, Austria, Ujerumani na Sweden ambao huenda wasingethubutu kuingia peke yao katikati ya wanaume. Yaliwapa wasichana lengo la kulitazama. Lakini yalimnyang'anya Madge kitu kimoja ambacho hakikurudi. Kati ya 1902 na 1908 alikuwa katika ubora wake, na Salchow vilevile, na katika ubingwa wa dunia hawakukutana tena. Alishinda ubingwa wa ISU wa wanawake mara zote mbili alizoushindania, na swali lililoachwa wazi mwaka 1902 halikuruhusiwa kuulizwa mara ya pili.

Olimpiki ya 1908 ilikuja London. Michezo ya viwanjani ilifanyika zaidi mwezi Julai, na ile ya barafu ikawekwa Oktoba, mara ya kwanza kwa mchezo wa majira ya baridi kuingia katika Olimpiki. Uwanja ulikuwa Prince's, nyumbani kwa Madge. Katika Olimpiki nzima walikuwapo washindani 2,000 hivi, na wanawake walikuwa 37 tu, wengi wao wapiga mishale, wacheza tenisi, na watelezaji. Bingwa wa upinde, Queenie Newall, alikuwa na miaka 53. Watelezaji wanawake wa kushindana peke yao walikuwa watano.

Tarehe 28 na 29 Oktoba, Madge aliingia akiwa na miaka 27. Katika michoro ya lazima aliwaacha wenzake mbali, na mtelezo wake huru ukawathibitishia wote walichokuwa wamekiona chini. Waamuzi wote watano walimweka wa kwanza, bila hata mmoja kusita. Medali ya fedha ilikwenda kwa Elsa Rendschmidt wa Ujerumani, na ya shaba kwa Dorothy Greenhough-Smith wa Uingereza. Kisha, katika mashindano ya jozi, Madge na Edgar wakapata shaba nyuma ya Anna Hübler na Heinrich Burger wa Ujerumani, na Phyllis na James Johnson wa Uingereza. Edgar alikuwa na miaka 45. Kwa upande wa wanaume dhahabu ilichukuliwa na Salchow, na Wasweden wenzake Richard Johansson na Per Thorén wakachukua fedha na shaba. Salchow na Madge walivikwa ubingwa katika ukumbi mmoja, kwenye barafu moja, bila ya mmoja kupimwa na mwenzake.

Ukumbi huo una habari nyingine inayonigusa. Mei 1909, miezi saba baada ya Olimpiki, chama cha wanawake waliodai haki ya kupiga kura, WSPU, kilifanya hapo maonyesho yake makubwa. Chama hicho kiliundwa Manchester mwaka 1903, mwaka uleule ISU ilipowafungia wanawake mlango. Aliyeupamba ukumbi kwa michoro mikubwa ya ukutani alikuwa Sylvia Pankhurst. Huku kwetu Sylvia anajulikana zaidi kwa jambo lingine: aliupinga uvamizi wa Italia nchini Ethiopia miaka ya 1930, akahamia Addis Ababa mwaka 1956, na akafia huko mwaka 1960. Simtii Madge katika siasa za Sylvia. Ninachosema ni kwamba wanawake wa London wa miaka ile walikuwa wakigonga milango mingi kwa wakati mmoja, na majibu waliyopewa yalifanana mno: mavazi yenu, hisia zenu, na ugumu wa kuwalinganisha na sisi.

Baada ya Olimpiki Madge hakushindana tena. Afya yake ilidhoofika. Alikuwa ameshaandika: yeye na Edgar walihariri kitabu cha michezo ya majira ya baridi kilichotoka mwaka 1908, na mwaka 1913 wakatoa kingine kuhusu sanaa ya kuteleza kwa mtindo wa kimataifa, ule ambao Waingereza walikuwa wameukataa wakati wa Haines. Kisha vita vya kwanza vya dunia vikaja, na mashindano ya ISU yakasimama. Tarehe 9 Septemba 1917, nyumbani kwake Weybridge, Surrey, moyo wake uliokuwa umeshambuliwa na ugonjwa wa utando wa ndani ulishindwa. Zilibaki siku saba atimize miaka 36. Edgar aliishi hadi mwaka 1946.

Walioingia kwenye nafasi aliyoiacha walikuwa wengi kuliko alivyoweza kutarajia. Lily Kronberger, aliyekuwa wa tatu nyuma yake mara mbili, alitwaa ubingwa wa wanawake mfululizo kuanzia 1908 hadi 1911, na Mhungaria mwenzake Opika von Méray Horváth akaendeleza hadi 1914. Olimpiki ya Antwerp mwaka 1920 ilimpa dhahabu Magda Julin wa Sweden, aliyeteleza akiwa mjamzito. Katika mashindano hayohayo, Theresa Weld wa Marekani alifanya mruko wa Salchow, akaonywa na waamuzi kwamba haukumfaa mwanamke, maana ulipeperusha sketi yake. Miaka 18 ilikuwa imepita tangu Madge asimame jukwaa moja na Salchow mwenyewe, na bado sketi ilikuwa hoja. Weld aliondoka na shaba.

Herma Szabo wa Austria alitawala miaka ya 1922 hadi 1926, kisha akaja Sonja Henie wa Norway. Alishiriki Olimpiki ya Chamonix mwaka 1924 akiwa na miaka 11, akawa wa mwisho kati ya wanane. Kuanzia 1927 hadi 1936 hakushindwa katika ubingwa wa dunia hata mara moja: mataji 10, sawa na ya Salchow, pamoja na dhahabu tatu za Olimpiki. Sketi yake iliishia juu ya goti. Alihamia Hollywood, na kwa mara ya kwanza mtelezaji mwanamke akawa maarufu na tajiri kuliko mwanamume yeyote wa mchezo wake. Salchow alikuwa rais wa ISU kuanzia 1925 hadi 1937, kwa hiyo aliyaona yote hayo akiwa kwenye kiti cha juu kabisa. Mwaka 1981 jina la Madge liliingizwa katika orodha ya heshima ya mchezo huu duniani.

Kitu kingine kilichobadilika kinahusu kipimo chenyewe. Televisheni ilipoanza kurusha mashindano, michoro ya lazima ilionekana kuwa mzigo. Ilichukua saa nyingi, kamera haikuwa na cha kuonyesha zaidi ya mtu anayezunguka polepole na waamuzi walioinama, na watazamaji hawakuelewa kwa nini aliyeruka vizuri zaidi hakushinda. ISU iliipunguzia uzito hatua kwa hatua, na mwaka 1990 ikaiondoa kabisa katika mashindano yake makubwa. Leo alama hutafutwa kwa miruko ya mizunguko mitatu na minne hewani, na huko miili ya wanaume na wanawake hutofautiana kwa nguvu na kasi. Anayeutazama mchezo wa sasa huona mgawanyo wa wanaume na wanawake kuwa jambo la maumbile tu, lililokuwapo tangu mwanzo. Mchezo alioushindania Madge Syers mwaka 1902 ulipima zaidi usahihi wa mguu mmoja juu ya ukingo mmoja, na katika kipimo hicho Salchow peke yake ndiye aliyemzidi.